Miaka Mitatu ya Kutokuwepo

"Nani kati yenu amemkosea mwenzake?" wakili aliuliza.

Ndulu akamtazama mumewe. Muema akatazama viatu vyake. Walikuwa wametoka Kitengela asubuhi hiyo ya Aprili, mwaka wa elfu mbili na nne, wakaketi pamoja njia nzima mpaka Kajiado, na walidhani kazi imeisha kwa sababu walikwisha kukubaliana. Miaka kumi ya ndoa, mtoto hakuna, matusi hakuna, basi tuachane kwa amani. Kumbe serikali haina fomu ya amani.

"Hakuna aliyekosa, madam," Muema alisema. "Tumeelewana tu."

Wakili Mugure alicheka kidogo, wala si kwa ubaya. Ofisi yake ilikuwa juu ya bucha, mkabala na korti, na kila neno lake lilisindikizwa na shoka la muuza nyama huko chini. "Sheria haijui tumeelewana. Mlifunga ndoa ya kanisa, sivyo? Basi hakimu anataka kosa. Kuna uzinzi, kuna ukatili, kuna kumtoroka mwenzako miaka mitatu mfululizo. Chagueni."

Chagueni! Utadhani wako dukani wanachagua vitambaa.

Uzinzi ulikuwepo, tena wa kweli, na wote wawili waliujua. Caren, mwalimu wa chekechea ya kanisa lao, binti wa miaka ishirini na tatu kutoka pande za Kakamega, alikuwa na mimba changa ya Muema. Muema mwenyewe ndiye aliyemwambia mkewe mwezi wa Machi, huku analia. Ndulu hakupiga kelele. Alitoa sufuria jikoni, akaketi, akamwambia jinsi alivyokuwa akimngoja jioni zile zote, kisha akauliza swali moja: "Unamtaka?" Muema akasema mama yake amezeeka na yeye ndiye mtoto wa kiume wa pekee. Hakujibu alichoulizwa, lakini Ndulu alipata jibu lake.

"Uzinzi haiwezekani," Muema aliharakisha kusema. "Mimi ni shemasi, madam. Kwetu mwenye kosa anawekwa benchi ya nyuma. Hagusi Meza ya Bwana, na hafungishwi ndoa tena."

"Ukatili?"

"Sijawahi kumpiga."

"Hajawahi," Ndulu alisema. Hata hapo, na moyo ukimuuma vile, hakutaka kumsingizia.

"Basi mmoja wenu alitoroka," wakili alisema, akafungua kalamu.

Muema akamgeukia mkewe na kushusha sauti. "Wewe huna mpango wa kuolewa tena, Ndulu. Ama uko na mpango?"

"Sina."

"Sasa hiyo benchi itakufanya nini? Ni miezi michache, unatubu, unarudi kwaya yako. Lakini mimi nikiwekwa huko, huyo mtoto atazaliwa nje. Nyumba nimesema ni yako. Karatasi ya korti ikitoka, siku hiyo hiyo naandika ploti jina lako. Mungu ananisikia."

Nyumba ndiyo iliyomfunga Ndulu mdomo. Shamba la marehemu baba yake, kule Makueni, kaka yake Wathome alikwisha kuliuza lote, kipande kwa kipande. Hakuwa na kwao pa kurudi. Alichokuwa nacho duniani ni vyumba vitatu vya mawe pale Kitengela, kwenye ploti iliyoandikwa jina la mumewe. Alikuwa ameshona sare za shule usiku na mchana ili vyumba hivyo visimame.

"Basi tuandike hapo," alimwambia wakili. "Kwamba mimi nimebeba kosa, na yeye ameniachia nyumba."

Mugure aliweka kalamu chini. "Mama, hiyo ikiandikwa mahali popote, hakimu atasema mmepanga. Na mkipanga, kesi inatupwa. Hayo yabaki yenu. Mimi sijayasikia."

Ikaandikwa kwamba mke alitoroka nyumbani mwezi wa Februari mwaka wa elfu mbili na moja, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena. Anwani yake ni Rombo, kwa dada yake Phylis. Ndulu, ambaye alfajiri hiyo alikuwa amefagia nyumba anayodaiwa kuitoroka, alisomewa maneno hayo mara mbili na akasema ameyaelewa.

"Sasa uende ukae Rombo kweli," Mugure alimshauri. "Mtu wa kuleta karatasi asikupate Kitengela ukisonga ugali."

* * *

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, Caren aliitwa mbele ya kanisa. Alikuwa ametapika darasani mara mbili mbele ya watoto, na wazazi wakaanza kuuliza. Mchungaji alimuuliza jina la mwanamume. Binti akatazama sakafu. Akaulizwa tena, kwa upole wa kutisha, na akatikisa kichwa. Wazee wakanong'onezana, mmoja akamwonyesha njia kwa mkono, na Caren akatembea peke yake katikati ya watu hadi benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo hata kitabu cha nyimbo hawaweki.

Ndulu aliyaona hayo yote kutoka mbele, amesimama na kwaya yake. Yeye ndiye mwalimu wa kwaya, na majoho waliyovaa aliyashona yeye. Halafu Muema akainuka, amevaa suti, akachukua trei ya vikombe vya Meza ya Bwana, akaipitisha benchi hadi benchi. Alipofika benchi la mwisho lenye watu safi, akageuka akarudi. Hakumtupia Caren jicho hata moja. Ndulu alimchukia yule binti, asiseme uongo, lakini siku hiyo alimhurumia pia, na kuvibeba vyote viwili kulimchosha.

Kesho yake alipanga nguo kwenye begi moja. Mama Naisiae, Mmasai aliyewaletea maziwa kila asubuhi, alisimama mlango wa nyuma na kibuyu chake.

"Takwenya!" alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Ndulu alimwitikia.

"Leo lita?"

"Nusu tu, yeyo. Mimi nasafiri. Kuanzia leo ni nusu."

"Unarudi lini?"

"Nikiitwa."

Mama Naisiae alilitazama begi, akamtazama Ndulu, akapima nusu na kuongeza kidogo juu. Ndulu aliuvuta mlango. Mlango huo ulikuwa na ukaidi wake: mvua ikinyesha unavimba na kukwama, na ukitaka kuufungua huna budi kuuinua kidogo kwa komeo kisha uupige kwa goti. Muema alimwita Ndulu kila ulipomshinda. Siku hiyo Ndulu aliufunga taratibu, na funguo akaziacha juu ya cherehani.

* * *

Kesi ilisikizwa Agosti. Ndulu hakuitwa, na wakili alimwonya asije. Alikuja. Mtu anaposemwa kortini, hata kwa makubaliano, masikio yake yanawasha. Alijifunga leso kichwani, akaketi benchi la mwisho kati ya wanaume wawili wenye kesi ya ng'ombe, na Muema hakumwona.

Muema aliapa, mkono juu ya Biblia. Ndulu alitazamia atababaika. Muema hakuwahi kuwa mwongo hodari, hata uongo mdogo ulimtoa jasho. Lakini wakili alipomwomba aieleze korti maisha yake baada ya mke kuondoka, alianza bila kusita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Mheshimiwa, nilikuwa napika, nafunika chakula. Nangoja. Kikipoa, narudisha kwa jiko. Nikisikia mbwa wa jirani wanabweka, nasema, huyo ndiye anakuja. Nafungua mlango, hakuna mtu. Mheshimiwa, mtu anaweza kuchoka hata kwa masikio."

Ndulu alishika ukingo wa benchi. Hayo yalikuwa maneno yake! Jiko, mbwa wa jirani, masikio kuchoka, yeye ndiye aliyemwambia Muema hayo yote siku ile ya Machi, neno kwa neno, baada ya kutoa sufuria. Kumbe alikuwa anasikiliza. Miaka kumi alimwona kama mtu asiyesikia akisemeshwa, na hata neno moja halikuwa limeanguka chini. Alikuwa ameyaweka yote, na leo ameyavaa. Na machozi aliyokuwa anafuta pale mbele yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililomkata maini Ndulu.

"Mlalamikiwa yuko?" hakimu aliuliza.

Karani akaita jina lake mara tatu. Miguu ya Ndulu ilitaka kusimama yenyewe. Alikumbuka vyumba vitatu, tangi la maji, paa. Alikumbuka kitanda cha dada yake kule Rombo, alicholalia na wapwa wawili. Akabaki ameketi. Mmoja wa wale wanaume wa ng'ombe alimuuliza kwa sauti ya chini kama anajisikia vizuri, akasema ni joto.

"Hayuko, mheshimiwa," karani alisema.

"Pole sana, Bwana Muema," hakimu alisema, akaandika.

* * *

Karatasi ya mwisho ilitoka Oktoba. Ndulu alirudi Kitengela siku ya pili yake, akabisha mlango wa nyuma wa nyumba yake. Alisikia Muema akivuta, akivuta tena. Ikabidi amwelekeze kutoka nje: "Inua! Inua kwanza!"

Muema alimkaribisha chai. Aliitengeneza mwenyewe, na aliweka sukari nyingi kama wanaume wasiozoea. Ndulu aliinywa yote kwa heshima. Kisha akasema, "Nimekuja tuende tuandikishe ploti."

Muema akaleta bahasha, akaitoa karatasi, akaiweka mezani. Hakuketi.

"Ndulu, hii nyumba tulijenga lini?"

"Hujui? Msingi ni Julai, elfu mbili na moja. Oktoba tukaingia."

"Na korti inasema wewe ulienda lini?"

Ndulu alihesabu miezi kwa vidole. Februari. Mwaka ule ule, Februari. Walikuwa watu watatu katika ofisi ile juu ya bucha, wote wana akili timamu, mmoja amesomea sheria, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nini kilichosimama ndani ya miaka hiyo waliyokuwa wanaifuta. Aliiuza miaka mitatu ili apate nyumba, na nyumba ilikuwa ndani ya miaka hiyo hiyo.

"Lakini wewe unajua nilikuwa hapa," alisema polepole.

"Najua."

"Basi andika."

"Nikiandika, watu watauliza kwa nini nampa nyumba mke aliyenitoroka kabla sijaijenga. Itakuwa nimekubali nilidanganya na mkono juu ya Biblia. Hiyo ni jela, Ndulu. Nimeongea na wazee wa kanisa, wamesema niache mambo vile korti imeyaacha. Unataka nifungwe, na mtoto anazaliwa mwezi ujao?"

Hakuwa anafanya ujeuri. Afadhali angekuwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, amejikunyata, na ungeapa yeye ndiye aliyeonewa.

"Uliniambia Mungu anakusikia," Ndulu alisema. "Muema, mimi nimelala na watoto wa dada yangu miezi mitano kwa neno lako. Nimekaa kimya kortini ukisema maneno yangu. Ukilia machozi yangu! Sikuomba mali, sikuomba unirudie. Niliomba mahali pa kuweka kichwa."

"Chukua cherehani," Muema alisema. "Hiyo hakuna mtu atauliza. Hiyo ni yako kabisa."

"Na ilifikaje humu," Ndulu alimuuliza, "kama mimi sikuwahi kuingia?"

Kesho yake Ndulu alikwenda Kajiado kwa wakili, naye Mugure alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Tungekwenda kumwambia hakimu nini, mama? Kwamba sisi watatu tulimdanganya? Mimi leseni yangu inaenda, na nyumba bado huipati." Alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia pole, na akaonekana kweli ameona aibu. Ndulu alipanga chumba kimoja karibu na soko, cha mabati, cherehani ikajaza nusu yake.

* * *

Jumapili iliyofuata mchungaji alisoma tangazo. Kulingana na uamuzi wa korti, Dada Ndulu ndiye aliyevunja agano la ndoa kwa kuiacha nyumba yake miaka mitatu. Kanisa linamrudi kwa upendo. Kanisa linamwombea Ndugu Muema, aliyevumilia peke yake.

Watu mia na zaidi walisikia hayo, na wote walijua vizuri Ndulu alikuwa wapi miaka hiyo mitatu. Alikuwa pale pale mbele yao, kila Jumapili, akiwaongozea wimbo kwa mkono. Alihudhuria matanga yao, akashona nguo za watoto wao. Lakini karatasi yenye muhuri ilikuwa mkononi mwa mchungaji, nao walipata njia ya kuiamini. "Kumbe alikuwa anakuja kuimba tu," mama mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Nyumbani hayuko!" Mwenzake akasema hata yeye alikuwa ameshuku.

Ndulu alivua joho, akalikunja vizuri, akampa msichana wa sauti ya kwanza. Akatembea katikati ya kanisa. Njia ile ni fupi ukiipita na wimbo, siku hiyo haikuisha. Caren alikuwa peke yake kwenye benchi la nyuma, tumbo limefika magotini. Akasogea.

"Karibu, Anti," alisema.

Ndulu akaketi. Walikaa hivyo wakati wa mahubiri, bega kwa bega, hakuna wa kumtazama mwenzake. Muema akainuka na trei yake, akaanza kuipitisha kutoka mbele. Alikuwa amenyoa vizuri.

"Anti," Caren alinong'ona, "nataka kukuuliza kitu. Tafadhali usinikasirikie."

"Uliza."

"Muema alinionyesha nyumba jana. Akaniacha huko nifagie. Ule mlango wa nyuma ulinishinda kabisa, nikafungiwa ndani mpaka akarudi. Unafunguliwa aje?"

Hakukuwa na kejeli katika swali hilo. Lilikuwa swali la binti aliyeogopa, anayekaribia kujifungua, atakayebaki peke yake mchana kutwa na mlango uliokwama. Ndulu aliliona hilo, na akamjibu sawasawa.

"Unashika komeo, unainua kidogo, halafu unapiga na goti."

"Asante, Anti."

Yangeishia hapo. Lakini goti la Ndulu lilikuwa limejiinua lenyewe ndani ya gauni, likapiga hewa, na kitu kikamfunguka kifuani.

"Mbao zilikuwa mbichi," alisema, na hakunong'ona. "Tulizinunua Agosti, elfu mbili na moja. Nilisema zikauke kwanza, Muema akasema mvua iko karibu."

Vichwa viwili vya benchi la mbele yao viligeuka.

"Dirisha la jikoni usilifungue lote. Bawaba moja ilivunjika siku tunahamia, Oktoba hiyo, nikaifunga na waya. Huo waya ni mkono wangu. Chini ya tangi simiti iko na alama za kwato, mbuzi wa Mama Naisiae alipita kabla haijashika, nikamfukuza na mwiko wa fundi. Maji ya msingi nilichota mimi. Paa linavuja pembeni, upande wa barabara, weka beseni."

"Dada," mama mhudumu alimjia kwa haraka, kidole mdomoni. "Dada Ndulu, tafadhali. Ni Meza ya Bwana."

"Namwonyesha mwenzangu nyumba," Ndulu alimwambia. "Kuna ubaya?"

Muema alikuwa amefika benchi la tatu kutoka nyuma, amesimama na trei, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Mchungaji akamwita kwa jina aendelee. Hakuendelea. Vikombe vidogo vilianza kugongana kwenye trei, na vilisikika hadi mimbarini.

Caren hakuwa anatazama sakafu tena. Alikuwa anamtazama Muema, kisha mikono ya Muema, na uso wake ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayejumlisha hesabu asiyoipenda. Akaweka mkono juu ya tumbo. Alipouliza, aliuliza kwa sauti yake ya darasani, ile ya kusikika hadi watoto wa mwisho.

"Na wewe, Anti, ulikuwa unalala chumba gani?"

"Kile jua linaingia asubuhi," Ndulu alisema. "Miaka mitatu."